Kompyuta ya Juu Haifikiki Kutoka Chini: Majibu kwa Wasomaji

SWALI

Assalaam aleikum mwalimu,

Mimi ni msomaji wako wa mtaa wa Mkomani, Lamu. Familia yetu ina nyumba ya wageni yenye vyumba vichache, na hesabu zote pamoja na daftari la wageni zimo katika kompyuta ya mezani iliyo chumba cha juu, ambako kaka yangu hufanyia kazi. Mimi hukaa chini karibu na daka kupokea wageni, nikiwa na kipakatalishi. Mama yetu ni mgonjwa na siwezi kumwacha kila mara nipande ngazi, kwa hiyo nilitaka niifungue kompyuta ya juu nikiwa huku chini kwa njia ya Remote Desktop. Zote mbili zina Windows 11 Pro. Niliiwasha swichi ya Remote Desktop katika kila moja, kisha chini nikaandika anwani ya kompyuta ya juu, 192.168.0.102. Baada ya kusubiri nikaambiwa kwamba haiwezekani kuunganishwa, na kwamba huenda huduma haijawashwa, au kompyuta imezimwa, au haipo kwenye mtandao. Katika hayo matatu hakuna hata moja lililo kweli. Kipakatalishi changu kina anwani 192.168.1.14. Kinachonishangaza zaidi ni kwamba kaka alipojaribu kinyume chake, yaani kutoka juu kuja chini, alifaulu papo hapo. Nimeizima programu ya kukinga virusi, nimewasha upya kila kitu, na fundi mmoja ameniambia kwamba kadi ya mtandao ya kompyuta ya juu imeharibika. Huko juu tuna ruta ya pili, iliyofungwa kwa waya kutoka ruta ya chini, kwa sababu waifai ya chini haikufika. Je, ninunue kadi hiyo?

JIBU

Waaleikum salaam warahmatullah, dada, na Mwenyezi Mungu amjalie mama afya. Kadi usinunue. Kadi iliyoharibika isingeweza kuyapeleka mawasiliano ya kaka yako hadi kwenye kipakatalishi chako na kumrudishia picha ya skrini yako nzima. Kwa kuwa yeye alifaulu, kadi ni nzima na waya pia ni mzima. Jibu limo ndani ya barua yako mwenyewe, kwa sababu uliandika anwani za kompyuta zote mbili, tena ukaeleza kwamba upande mmoja unafika na mwingine haufiki. Wengi wanaoniandikia huniambia tu kwamba imekataa.

Zitazame anwani hizo tena. Yako ni 192.168.1.14 na ya kaka ni 192.168.0.102. Katika ruta nyingi za nyumbani, mafungu matatu ya kwanza ya namba hutambulisha mtandao, na fungu la mwisho hutambulisha chombo kimoja ndani ya mtandao huo. Fungu la tatu kwako ni 1, na kwa kaka ni 0. Mnakaa nyumba moja lakini kompyuta zenu zimo katika mitandao miwili. Ukitaka kuhakikisha, fungua dirisha la amri la Windows katika kila kompyuta, andika ipconfig, kisha utafute mstari wa Default Gateway, ambao hutaja ruta inayoihudumia kompyuta hiyo. Natarajia chini utaona 192.168.1.1 na juu utaona 192.168.0.1, au namba nyingine zinazotofautiana kwa namna hiyo hiyo.

Kosa hili nakutana nalo mara kwa mara katika nyumba za mawe, na aliyewafungia ruta ya pili alikuwa na sababu njema. Kuta za nyumba za kale za Lamu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na unene wake mara nyingi hukaribia nusu mita. Mawimbi ya waifai ya gigahezi 5 hudhoofika sana yakipita katika ukuta wa namna hiyo, na yale ya gigahezi 2.4, ingawa hupenya vizuri zaidi, nayo huchoka baada ya kuta mbili. Nimeona pia ruta zikiwekwa ndani ya zidaka, mahali ambapo zamani palipangwa vyombo vya kaure, na kwa hakika panapendeza, lakini jiwe huizunguka ruta pande zote isipokuwa mbele tu. Ikiwa yenu imewekwa hivyo, itoeni muiweke juu ya kabati au mahali palipo wazi kuelekea kiwanda cha nyumba, yaani ua wa ndani. Waya wenu kutoka chini hadi juu ni suluhisho bora kuliko vifaa vyote vya kurudufu mawimbi, na msiuondoe.

Tatizo ni kazi aliyopewa ruta ya juu. Waya ulichomekwa katika tundu lake la WAN, yaani lile la kupokea intaneti kutoka nje, na ruta ikabaki na mipangilio ya kiwandani, kwa hiyo ikaanzisha mtandao wake yenyewe, ikagawa anwani zake yenyewe, na ikaichukulia nyumba yenu yote ya chini kuwa ni intaneti ya nje. Ruta katika hali hiyo ni kama bawabu anayewaacha watu wa ndani watoke na kuwapokea majibu yao yanaporudi, lakini mgeni asiye na miadi hamfungulii. Kaka yako yuko ndani, ndiyo maana alitoka na kukufikia. Wewe uko nje. Tena ombi lako halikufika hata kwa bawabu huyo. Kipakatalishi chako kilipoona kwamba 192.168.0.102 si ya mtandao wake, kiliikabidhi kazi ruta ya chini, na ruta ya chini, isiyojua lolote kuhusu mtandao wa juu, ikaisukuma kuelekea kwa mtoa huduma. Anwani zinazoanza na 192.168 zilitengwa kwa matumizi ya ndani pekee kwa mujibu wa kanuni ya RFC 1918 ya mwaka 1996, na huko nje hazipelekwi popote. Kwa hiyo ujumbe uliouona haukukosea sana: kwa upande wako, kompyuta ya juu kweli haipo kwenye mtandao.

Dawa ni kuifanya ruta ya juu iache kuwa mkuu wa mtandao na ibaki kituo cha kupokea na kutoa mawimbi tu. Ingia katika ukurasa wa mipangilio wa ruta hiyo ukiwa juu, kwa kuandika 192.168.0.1 katika kivinjari, na utafute hali ya kazi inayoitwa Access Point. Ruta nyingi zinazouzwa siku hizi zinayo. Ukiichagua na kuhifadhi, ruta itajiwasha upya, na tangu hapo anwani zote za nyumba zitagawiwa na ruta ya chini peke yake. Ikiwa ruta yenu ni ya zamani na haina hali hiyo, kazi hufanyika kwa mkono. Kwanza ipe ruta ya juu anwani iliyo katika mtandao wa chini ambayo hakuna chombo kingine kinachoitumia, kwa mfano 192.168.1.2, ukihakikisha kwamba namba hiyo iko nje ya zile ambazo ruta ya chini huzigawa. Kisha zima huduma yake ya DHCP, yaani ile inayogawa anwani. Mwisho, chomoa waya katika tundu la WAN na uuchomeke katika tundu mojawapo la LAN, yaani yale ya vyombo vya ndani. Ukisahau kuzima DHCP kabla ya kuhamisha waya, ruta mbili zitashindana kugawa anwani katika nyumba moja, na utaona vyombo vingine vikipata intaneti na vingine vikikosa bila sababu inayoonekana.

Wapo mafundi watakaokushauri uache kila kitu kilivyo na ufungue njia katika ruta ya juu, ili ombi lolote linaloijia kwenye poti 3389, ambayo ndiyo namba ya kawaida ya Remote Desktop, lipelekwe kwa kompyuta ya kaka. Ushauri huo unaweza kufanya kazi, na ndani ya nyumba si wa hatari. Siupendi kwa sababu unaacha chanzo palepale, na kesho mkinunua printa ya mtandao mkaiweka juu, tatizo lile lile litarudi kwa sura nyingine.

Baada ya kubadilisha hali ya ruta, chomoa na urudishe waya wa kompyuta ya juu au uiwashe upya, kisha andika tena ipconfig. Sasa itakuwa na anwani inayoanza na 192.168.1, na hiyo mpya ndiyo utakayoitumia. Ukiona inaanza na 169.254, maana yake kompyuta imekosa wa kuipa anwani ikajipa yenyewe, na hapo kagua waya na tundu ulilochomeka. Kwa kuwa anwani hizi huweza kubadilika, hasa umeme unapokatika na ruta zote zikawaka upya, ingia katika ruta ya chini na uifungie kompyuta ya kaka anwani yake ya kudumu, au andika jina la kompyuta badala ya namba, jambo ambalo litawezekana sasa kwa kuwa mko mtandao mmoja.

Kabla ya kufungua Remote Desktop, jaribu njia peke yake. Watu wengi hutumia ping, yaani amri ya kuuliza tu kama kompyuta nyingine inaitika, ikikosa jibu wakakata tamaa, ilhali ngome ya Windows, yaani ile programu ya ndani inayoamua ni mawasiliano yapi yaruhusiwe kuingia, yaweza kuikataa ping huku ikiikubali Remote Desktop. Kipimo kinachofaa ni hiki: katika kipakatalishi chako fungua PowerShell, andika Test-NetConnection, acha nafasi, andika anwani mpya ya kompyuta ya juu, acha nafasi, kisha -Port 3389. Subiri kidogo na usome mstari wa mwisho, TcpTestSucceeded. Ukiandikwa True, njia ni safi kutoka kwako hadi kwenye huduma yenyewe, na kosa lolote litakalobaki ni la jina, nenosiri au ruhusa. Ukiandikwa False, usiguse manenosiri kabisa. Hapo kuna moja katika machache: anwani si sahihi, kompyuta imelala, au ngome imezuia. Kompyuta iliyolala haijibu ombi la Remote Desktop, kwa hiyo katika mipangilio ya umeme iambie isilale ikiwa imechomekwa, ingawa skrini inaweza kuzimika bila madhara. Kuhusu ngome, angalia kwamba mtandao wa nyumbani umetambuliwa kuwa ni wa faragha na si wa hadharani, kwa maana Windows huubana mtandao wa hadharani zaidi, na baada ya kubadilisha ruta inaweza kuuona mtandao wenu kuwa ni mpya na kuupa hadhi hiyo. Programu ya kukinga virusi uliyoizima iwashe leo hii. Haikuwa na hatia, na kompyuta yenye hesabu za biashara haifai kukaa bila kinga.

Kuna jambo la nenosiri linalowasumbua wengi baada ya njia kufunguka. Ikiwa kaka yako huingia katika kompyuta yake kwa PIN, namba hiyo fupi ni ya kompyuta yenyewe na Remote Desktop haitaikubali. Linahitajika nenosiri kamili la akaunti, na ikiwa ni akaunti ya Microsoft, jina la mtumiaji ni ile anwani ya barua pepe. Akaunti isiyo na nenosiri lolote nayo hukataliwa kwa njia ya mtandao, ingawa mtu akiketi mbele ya kompyuta huingia bila shida. Njia iliyo nyoofu ni kaka akufungulie akaunti yako mwenyewe katika kompyuta ya juu, aipe nenosiri la kweli, kisha aliongeze jina lako katika orodha ya watumiaji wanaoruhusiwa chini ya ukurasa ule ule wa Remote Desktop.

Jueni pia kwamba Windows ya namna hii humhudumia mtu mmoja tu kwa wakati mmoja. Ukiingia kutoka chini, skrini ya juu hufungwa, na ikiwa kaka yupo kazini kwa akaunti yake nawe unaingia kwa yako, Windows itamwuliza kama anakubali kukuachia. Pangeni saa zenu. Ikiwa haja yako kubwa ni daftari la wageni tu, na kaka hukaa juu mchana kutwa, huenda folda moja iliyoshirikiwa kati ya kompyuta hizo mbili ikawafaa zaidi, ninyi nyote mkafanya kazi bila kufungiana skrini.

Nimeacha hadi hapa neno ambalo kwangu ni zito kuliko yote, kwa kuwa nyumba yenu ni ya wageni. Mkishaunganisha mitandao miwili kuwa mmoja, mgeni yeyote aliyepewa nenosiri la waifai ya kawaida atakuwa mtandao mmoja na kompyuta yenye majina ya wageni, namba zao za pasipoti na malipo yao. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na anayekusanya taarifa za watu ana wajibu wa kuzilinda. Washa katika ruta ya chini ule mtandao wa pili wa wageni, ambao ruta nyingi zinao tayari, uupe jina na nenosiri lake, na huo ndio mwandike kwenye kikaratasi cha chumbani. Nenosiri la ruta ya juu msimpe mgeni, kwa sababu ruta iliyogeuzwa kuwa kituo tu mara nyingi haiwezi kuwatenga wageni na vyombo vya ndani hata kama ina sehemu iliyoandikwa mtandao wa wageni. Nawe mwenyewe hakikisha kwamba kipakatalishi chako hakijajiunga na mtandao wa wageni, kwa maana ukiwa humo kompyuta ya juu haitaonekana tena, na utarudi kwenye ujumbe ule ule.

SWALI

Kijana wangu,

Mimi ni mwalimu mstaafu wa hapa Malindi. Nina kompyuta mbili nyumbani, moja sebuleni na moja chumbani, zote za Windows 11 Home. Nimetafuta swichi ya Remote Desktop na nimeambiwa kwamba toleo langu haliiungi mkono, lakini programu ya kuunganisha imo ndani na inafunguka. Mjukuu wangu amepata mtandaoni faili inayosemekana kuiwezesha. Nikubali?

JIBU

Shikamoo mzee wangu. Nakuomba usikubali. Programu uliyoiona ni ile ya kwenda kwa wengine, na imo katika matoleo yote. Ile ya kupokea, inayoifanya kompyuta ifunguliwe kutoka mbali, Microsoft imeiweka katika matoleo ya Pro, Enterprise na Education, na katika Home haipo kwa matumizi ya mtumiaji. Kwa hiyo hakuna ulichokosea, na hakuna mpangilio utakaoutafuta ukaupata.

Faili za namna aliyoileta mjukuu hubadilisha au huzunguka sehemu za ndani kabisa za Windows, zile zile zinazohusika na kuingia kwa watu kutoka nje. Hata iwe imeandikwa na mtu mwema, sasisho la kawaida la Windows huivunja, na ikiwa imeandikwa na mtu mbaya, utakuwa umemkabidhi ufunguo wa nyumba kwa mkono wako. Una njia mbili halali. Unaweza kulipia kupandisha kompyuta moja kuwa Pro kupitia duka la Microsoft, na inatosha moja tu, ile inayofunguliwa. Au utumie programu nyingine isiyojali toleo la Windows, kama vile Chrome Remote Desktop, ambayo ni ya bure na huhitaji akaunti ya Google pamoja na PIN ya tarakimu sita au zaidi, au RustDesk, ambayo nayo ni ya bure na msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuukagua. Kwa matumizi ya sebuleni na chumbani ningeanza na mojawapo ya hizi kabla ya kutoa fedha.

SWALI

Kaka mhariri, salaam kutoka Barani, Malindi. Nafanya kazi Mombasa siku za wiki na kompyuta yangu yenye Windows 11 Pro imebaki nyumbani. Nikiwa nyumbani Remote Desktop hufanya kazi vizuri kabisa kutoka kipakatalishi changu. Nikiwa Mombasa inakataa. Rafiki alinifungulia poti 3389 kwenye ruta, bado inakataa. Ruta yenyewe inaonyesha kwamba anwani yake ya nje ni 100.72.15.9, lakini tovuti za kupima anwani zinanionyesha nyingine tofauti kabisa. Tatizo liko wapi?

JIBU

Waaleikum salaam, ndugu. Tatizo liko kwa namna mtoa huduma wako anavyogawa anwani, na naona afadhali kwamba jaribio la rafiki yako lilishindikana.

Anwani za kuanzia 100.64.0.0 hadi 100.127.255.255 zilitengwa mwaka 2012, katika kanuni ya RFC 6598, kwa ajili ya watoa huduma ambao hawana anwani za kutosha za kumpa kila mteja ya kwake. Ya ruta yako imo humo. Wateja wengi hutoka kwenye intaneti kwa anwani moja ya pamoja, na hiyo ndiyo unayoonyeshwa na tovuti za kupima. Ruta yako kwa hiyo iko nyuma ya ruta nyingine kubwa ambayo huna mamlaka nayo. Poti uliyofungua nyumbani ilifunguliwa upande wa ndani, na ombi lako kutoka Mombasa halikufika hata karibu nayo.

Ingia katika ruta leo ufute kanuni hiyo ya poti 3389, na usiirudishe hata kama siku moja mtoa huduma atakupa anwani yako ya pekee. Kuna programu zinazozunguka intaneti nzima usiku na mchana zikitafuta kompyuta zinazojibu kwenye namba hiyo, na zikiipata moja huanza kubahatisha manenosiri bila kuchoka. Mwezi wa Mei mwaka 2019 ilitangazwa kasoro iliyoitwa BlueKeep, yenye namba CVE-2019-0708, iliyomwezesha mshambulizi kuingia katika Windows za zamani kupitia Remote Desktop bila kuwa na nenosiri lolote, na uzito wake ulikuwa mkubwa kiasi kwamba Microsoft ilitoa marekebisho hata kwa Windows XP, ambayo ilikuwa imeacha kuihudumia tangu 2014. Windows 11 yako haikuguswa na kasoro ile, lakini hakuna anayeweza kukuhakikishia kuhusu itakayofuata. Kubadilisha namba ya poti ili kujificha hakukufai, kwa maana wanaotafuta hupima namba zote.

Suluhisho ni kuziweka kompyuta zako mbili katika mtandao binafsi unaopita juu ya intaneti, ambao kila upande huuanzisha kwa kutoka ndani kwenda nje, na anayekwenda nje hakuna ruta inayomzuia. Mimi hupendekeza Tailscale, iliyojengwa juu ya teknolojia ya WireGuard, kwa kuwa mtu mmoja mwenye vyombo vichache huweza kuitumia bila malipo na haihitaji ubadilishe chochote kwenye ruta. Isakinishe katika kompyuta ya nyumbani na katika kipakatalishi, ingia kwa akaunti moja katika zote mbili, na kila moja itapewa anwani ya kudumu. Anwani hizo nazo huanza na 100, zikatoka katika fungu lile lile la RFC 6598, kwa hiyo usizichanganye na ile uliyoiona kwenye ruta. Kisha fungua Remote Desktop kama kawaida na uandike anwani ya Tailscale ya kompyuta ya nyumbani. Jina na nenosiri ni yale yale unayoyatumia ukiwa Barani. Akaunti unayoingilia Tailscale iwekee uthibitisho wa hatua mbili, kwa sababu sasa imekuwa njia ya kufikia kompyuta yako.

Usingoje ufike Mombasa ndipo ujaribu. Ukiwa bado nyumbani, kitoe kipakatalishi kwenye waifai ya nyumba, kiunganishe na data ya simu yako, kisha uifungue kompyuta iliyo chumba cha pili. Ikifunguka hivyo, itafunguka Mombasa. Jaribio la pili ni la umeme: ingia katika mipangilio ya BIOS ya kompyuta ya mezani, yaani ile inayofunguliwa kabla Windows haijaanza, utafute sehemu inayoamua kompyuta ifanye nini umeme ukirudi baada ya kukatika, uichague iwake yenyewe, kisha zima umeme wa ukutani kompyuta ikiwa imekwisha kuzimwa kwa utaratibu, uuwashe, na uone kama itawaka bila kuguswa. Hakikisha pia kwamba Tailscale imewekwa ianze pamoja na Windows hata kabla ya mtu yeyote kuingia katika akaunti, mpangilio ambao humo ndani ya programu unaitwa Run unattended, kwa maana bila huo kompyuta itawaka, itafika kwenye skrini ya nenosiri, na itakaa hapo bila kufikika hadi Ijumaa utakaporudi.